Picha za Nelima Hazifunguki

Pale Kitale, upande wa stesheni ambayo treni iliisahau, kuna benchi la taruma la reli lililolazwa juu ya matofali. Waithaka alilitengeneza ili apate pa kukaa akingoja wateja wa vipuri vyake vya pikapu, lakini watu walilikalia kabla yake na hawajatoka hadi leo. Wenyeji wanapaita Mwisho wa Reli. Jepkoech huwasha jiko lake hapo saa kumi na mbili asubuhi, anaweka birika la kahawa yenye tangawizi, na kabla ofisi hazijafunguliwa mambo ya mvua, ya mahindi, ya serikali na ya ndoa za watu yamekwisha kuamuliwa. Waithaka mwenyewe wanamwita Difu, kwa sababu ya zile difu za pikapu zilizojaa grisi mlangoni pake. Bramwel, aliyehamia mjini kutoka Lugulu mwaka uliotangulia, wanamwita Katiba, maana hakuna jambo ambalo hana kifungu chake. Na Levi Khaemba, karani wa ofisi ya mifugo anayeandika vyeti vya ng'ombe waliodungwa sindano, wanamwita Chanjo. Ijumaa moja ya Agosti mwaka wa elfu mbili na tisa, ule mwaka wa stima ya zamu, Levi alifika akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi wa kaki, akaketi pembeni kabisa mwa benchi, akauweka mapajani.

— Umebeba nini, Chanjo? — Difu akamuuliza. — Nyama saa hii?

— Diski.

— Ya pikapu ama ya lori? Leta nione kama imekwisha.

— Si ya gari, Waithaka. Ya kompyuta. Ya kuwekea picha.

Difu alivunjika moyo kidogo. Jepkoech alimmiminia Levi kikombe bila kuulizwa. Katiba alijivuta karibu, macho yakimng'aa kama ya mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

— Hiyo ni ile inaitwa bakapu, — Katiba akasema. — Imefanya nini?

— Imekufa.

— Picha za nini zilikuwa ndani?

Levi alipuliza kahawa yake.

— Za nyumbani tu, — akasema.

Zilikuwa picha za nyumbani kweli. Zilikuwa mia nne na kitu, na karibu zote zilikuwa za mtu mmoja. Nelima alizaliwa msimu wa palizi, Aprili ya elfu mbili na tano, na kaka yake Levi alikuwa amekuja kutoka Nairobi na kamera isiyotumia filamu, akamwachia. Levi alipiga picha kama mtu aliyepewa risasi za bure. Nelima akioga kwenye karai. Nelima akila udongo. Nelima amevaa sweta ya kijani aliyofumiwa na nyanya yake, mikono imemzidi. Hakupeleka hata moja studio ikaoshwe kwenye karatasi. Za nini kuosha, na ziko kwa kompyuta, ukitaka unaziona saa yoyote?

Oktoba ya elfu mbili na saba Nelima aliamka na homa, na siku ya nne hakuamka. Alikuwa na miaka miwili na nusu.

Sasa ile kompyuta ya mezani ilikuwa na tabia. Ukiiacha dakika chache bila kuigusa, ilianza kuonyesha picha yenyewe, moja baada ya nyingine, polepole. Wiki mbili baada ya mazishi mkewe, Nabwile, alitoka jikoni na sahani mkononi, akamkuta Nelima anacheka kwenye kioo cha kompyuta. Sahani ilianguka. Alimwambia Levi neno moja tu: zitoe. Levi alinunua kile kisanduku cheusi cha diski, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, akahamishia picha zote humo, akazifuta kwenye kompyuta, akamwaga na lile kapu la taka la kompyuta ili zisije zikamrukia tena mwenzake. Kamera ilirudi Nairobi na mwenyewe. Kisanduku kikawekwa juu ya kabati, kimefungwa ndani ya taulo. Nabwile, ambaye ni mwalimu, aliomba uhamisho akaenda kufundisha Kabuchai, nyumbani kwao Levi. Na Levi akawa mtu wa kwenda kila Jumamosi na kurudi kila Jumapili jioni. Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Kisanduku hakuna aliyekigusa.

Hayo yote Levi hakuyasema benchini. Alisema tu kwamba ukiiwasha inagonga. Ko, ko, ko, halafu kimya.

— Kugonga! — Difu akaamka. — Hiyo ni bearing. Hata kama ni ya kompyuta, kitu inazunguka ni kitu inazunguka. Imekosa grisi.

— Haina mahali pa kuweka grisi.

— Basi igonge pia wewe. Stata ikikwama, mimi nachukua nyundo ndogo, nagonga ubavuni mara mbili, inashika. Unaiogopa ya nini? Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kahawa ilimwendea Levi kombo, akakohoa. Difu akampiga mgongoni, akidhani ni tangawizi.

— Wewe Waithaka unataka kuua hii kitu mara ya pili, — Katiba akasema. — Mimi nawaambia shida ni nini. Ni ladi.

Katiba akisisimka, r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake.

— Radi gani? — Difu akauliza. — Wiki hii hata mawingu hakuna.

— Si lazima uione, bana. Kuna ladi ya juu na kuna ladi ya chini. Hii ya chini inapita kwa waya. Stima ikienda saa kumi na mbili na kurudi saa mbili, unadhani inarudi na mikono mitupu? Inarudi na ladi.

— Haikuwa imechomekwa, — Levi akasema. — Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya taulo.

— Miaka mingapi?

— Karibu miwili.

— Basi ni baridi. Imeshikwa na kifua. — Katiba hakusita hata kidogo. — Na dawa ya baridi ni baridi. Hiyo kitu unafunga na karatasi ya nailoni, unaweka kwa friji ya mwenye bucha usiku mmoja, pale juu kabisa penye barafu. Asubuhi inafunguka. Kuna jamaa wa Kibabii alifanya hivyo na akapata hadi barua zake za mapenzi.

— Na ikitoka huko, — Jepkoech akauliza, — itakuwa imepona ama imeganda?

Difu alicheka hadi akashika mbavu. Levi alijaribu kutabasamu kwa adabu. Alikuwa amelala saa chache tu. Jana yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Bungoma kwa fundi ambaye watu walimsifu, mwenye kibanda nyuma ya soko. Njia ilimpitisha penye barabara inayoingia kwake Kabuchai, na pale alijiinamia, akajifanya anafunga kamba za viatu, mpaka matatu ikapita. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia Nabwile kwa simu kwamba kuna kampeni ya sindano za ng'ombe huko Endebess, kwamba hataweza kufika Jumamosi ile. Hapakuwa na kampeni.

— Nimepeleka Bungoma jana, — akawaambia. — Fundi amefungua.

— Akasema?

— Ndani kuna sahani kama kioo. Kuna kakidole kanasoma hiyo sahani. Hako kakidole kameanguka, kakakwaruza.

— Kakwaruza yote?

— Mzunguko baada ya mzunguko. Ameniambia hata Nairobi wataniambia vile vile.

Hakuwaambia kwamba fundi alimpa ile sahani aishike. Ilikuwa safi pembeni, inang'aa kuliko kioo cha kunyolea, na katikati ina pete ya kijivu kama njia ya ng'ombe inapokwenda mtoni. Levi aliinamisha kichwa aangalie vizuri. Aliona pua yake, na macho yake mekundu, na paa la kibanda.

— Fundi ni mtu tu, — Katiba akasema. — Usikate tamaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hizo picha zitarudi.

— Tezi? — Difu akamgeukia. — Si hiyo ni ile kitu inavimba kwa shingo?

— Ndiyo hiyo.

— Sasa mtu anaenda aje na tezi?

— Anaenda nayo na anarudi nayo, Waithaka. Hiyo ndiyo maana ya methali. Chanjo, si hata ng'ombe wana tezi?

— Wanazo, — Levi akasema.

— Umeona? Lakini mimi nimekaa nikafikiria, na nimejua adui ni nani. Ni huu mlima.

Wote waligeuka kuutazama Elgon, uliokuwa umejifunika ukungu kama mtu asiyetaka kuhojiwa.

— Huo mlima umejaa chuma ndani. Chuma na sumaku. Inavuta pole pole. Mtu hawezi kusikia, lakini kitu laini kama picha inavutwa. Ndiyo sababu kuku ikipotea Kitale yote inaelekea Endebess, chini ya huo mlima. Hizo picha hazikukwaruzwa. Zimevutwa. Ziko huko ndani ya pango.

— Pamoja na kuku, — Jepkoech akasema.

— Cheka tu, Jepkoech. Na hata kama haziko kwa pango, ziko Ulaya. — Katiba alishusha sauti, akaangalia kushoto na kulia. — Kila picha ukiweka kwa kompyuta, ya pili yake inaenda juu kwa setilaiti. Wazungu hawatupi kitu. Huko wana nyumba kubwa kama ghala la mahindi, makabati mpaka juu, picha za watu wote wa dunia zimepangwa kwa majina. A mpaka Z. Wewe Chanjo unaandika barua moja tu, ya heshima, unasema mimi ni Khaemba wa Kitale, naomba zangu. Watatuma.

Levi alijua ni upuuzi. Aliandika barua za serikali kila siku; alijua barua zinakokwenda. Hata hivyo, kwa muda wa funda moja la kahawa, aliiona ile nyumba. Alimwona mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, amevaa glavu, anavuta droo yenye herufi K, anapekua, anapekua, anatoa mtoto mwenye sweta ya kijani. Moyo wake uliruka. Aliuacha uruke. Kisha ukatua palepale ulipokuwa, na ukauma zaidi.

Maana kilichomsumbua si diski. Jumapili mbili zilizopita, huko Kabuchai, Nabwile alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, akasema bila kuinua macho:

— Baba Nelima, nimemwota. Amekuja mpaka hapa kwa mlango. Hana uso.

Alichukua hindi lingine.

— Ni nguo tu na nywele. Uso hakuna. Nitolee picha moja uioshe, tuiweke ukutani. Ile ya sweta. Mimi niko tayari sasa.

Karibu miaka miwili alikuwa amengoja amsikie akisema hivyo. Alirudi Kitale usiku ule akihisi kwamba nyumba yake inaanza kujengeka upya. Jumatatu jioni stima iliporudi, alipanda kiti, akashusha taulo, akachomeka waya. Ko, ko, ko.

Mtu mzima, alikuwa amewaza tangu siku hiyo, ana kipande cha kitambulisho. Ana picha ya shule, ana picha aliyosimama nyuma ya watu kwenye harusi. Wa miaka miwili na nusu ana nini?

— Hodi hapa, — sauti ya mwanamke ikasema. — Habari za asubuhi.

Alikuwa amesimama nyuma ya jiko, mkoba begani, viatu vyake vina vumbi jekundu. Shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa ametoka Kabuchai alfajiri. Levi alisimama ghafla mpaka mfuko ukataka kuanguka.

— Nabwile.

— Ofisini wamesema sijui kampeni ya Endebess, hawaijui, — akasema. Hakusema kwa ukali. — Mlinzi akaniambia nikuangalie hapa.

— Karibu, shemeji! Karibu sana! — Katiba akaruka, akampisha nafasi, akapangusa taruma kwa kiwiko. — Mgeni njoo, mwenyeji apone! Chanjo, kumbe una bibi mzuri hivi na unatuficha? Jepkoech, kahawa kwa mwalimu! Keti, shemeji, usisimame. Umetukuta kwa matanga.

— Pole. Nani amefariki?

— Diski! Tunazika diski. — Katiba alicheka peke yake. — Bwana yako ameweka picha zake zote kwa bakapu, na bakapu imekufa. Jana ameipeleka Bungoma, fundi ameipasua kama kuku, hakuna kitu. Lakini mimi nimemwambia asiogope, kuna barua...

— Bramwel, — Levi akasema.

— ...kuna barua anaweza kuandikia wazungu...

— Bramwel, wacha.

Katiba aliacha. Nabwile alikuwa anautazama ule mfuko wa kaki. Hakuketi, na kikombe alichopewa na Jepkoech alikishika tu.

— Baba Nelima, — akasema. — Ni ile ya juu ya kabati?

— Ndiyo.

— Zote?

— Zote, mama.

— Na kwa kompyuta?

Levi aliukumbatia mfuko. Nabwile aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu ambayo ameshapiga mwenyewe.

— Ni mimi nilisema uzitoe.

— Ulisema zitoke mbele ya macho yako. Hukusema nifute. Kufuta nilifuta mimi.

— Nilisema zitoke.

— Nabwile, ningeosha hata moja. Hata moja tu, nikaificha kwa ofisi. Siku zote hizo nilikuwa napita mbele ya studio.

— Kwa hivyo ndiyo maana hukuja Jumamosi.

— Ndiyo maana.

Katiba alimwinamia Difu, akanong'ona, lakini minong'ono yake husikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Nelima ni nani?

— Nyamaza, Bramwel.

— Nauliza tu.

Difu alivua kofia yake, akaiweka gotini. Alikuwa amekaa na Levi asubuhi nzima, na zile picha za nyumbani hazikumgonga kichwani mpaka sasa.

— Ni mtoto wao, — akasema kwa sauti ya chini. — Wewe ulikuwa hujakuja huku. Mwaka wa elfu mbili na saba. Mimi ndiye nilimpeleka Kabuchai na pikapu yangu. Sanduku lilikuwa hivi...

Alinyoosha mikono miwili kupima. Akaiona mikono yake, akaiona nafasi iliyo katikati, akaishusha haraka, akaishika kofia.

— Chanjo, — akasema. — Mimi na ile methali yangu. Nisamehe.

— Hakuna shida, Waithaka.

Nabwile ndipo alipoketi. Aliuchukua mfuko kutoka mikononi mwa mumewe, akaufungua, akaangalia ndani bila kugusa: kifuniko cheusi, skrubu nne ndogo, ile sahani. Akaukunja mdomo wa mfuko tena, mara moja, mara mbili, vizuri, kama anafunga chakula cha safari.

— Nilikuja kukuambia usioshe ile ya sweta, — akasema. — Nimekaa nikafikiria njiani. Sweta ilikuwa inamfunika kidevu. Nilitaka ile anacheka. Kwa karai.

— Naikumbuka hiyo.

— Unaikumbuka?

— Naikumbuka vizuri. Maji yamemwingia jicho moja, amelifunga, anacheka. Na kile kishimo chake cha shavu kimeingia ndani.

Nabwile alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulilegea kidogo.

— Kishimo, — akasema. — Hicho ndicho nilikuwa natafuta. Juzi nimekaa kitandani natafuta. Kilikuwa shavu gani?

— La kulia.

— Kulia kwako ukimwangalia, ama kulia kwake mwenyewe?

Levi aliinua mkono. Aliuweka hewani mbele yake, pale ambapo uso wa mtoto ungekuwa kama angekuwa amempakata, kidole kimoja kimenyooka tayari kugusa. Kidole kikaenda upande huu. Kikasimama. Kikaenda upande ule. Alifumba macho ili aone vizuri zaidi, akaona karai, akaona povu, akaona jicho lililofungwa. Shavu lilikuwepo. Kisha yakawa mashavu mawili, sawasawa, laini, hayana kitu.

— Mimi nilikuwa nasema ni kushoto, — Nabwile akasema. — Lakini nikisema kushoto naona kulia.

Akamgeukia Difu.

— Baba, wewe ulimwona?

— Siku ile nilikuta wameshafunga sanduku, mwalimu, — Difu akasema.

Akamgeukia Jepkoech.

— Nilimwona siku moja, — Jepkoech akasema. — Ulipita naye hapa umembeba mgongoni. Alikuwa amelala.

Katiba hakungoja aulizwe. Aliangalia chini na kutikisa kichwa, na hakuwa na kifungu.

Wakati wa kufungua ofisi ulikuwa umepita kitambo. Mteja alisimama mlangoni pa duka la Difu, akagonga kwa sarafu, akagonga tena, akaenda zake. Nabwile aliendelea kungoja. Hakuwa na hasira na hakulia. Aliwapitishia macho mmoja mmoja, Difu, Jepkoech, Katiba, mumewe, kisha tena mumewe, kwa ule uvumilivu wa mwalimu aliyeuliza swali rahisi na anaamini kwamba hawezi kukosekana hata mmoja anayelijua jibu. Hakuna aliyenyoosha mkono.